Tom von Prince, "Bwana Sakarani": Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jina la Sakarani watu hulikuta kwa njia tofauti. Mtu wa Lushoto anaijua Sakarani kama misheni ya Wabenediktini karibu na Soni, wanakotengeneza divai. Msomaji wa habari za vita hulikuta kwenye mapigano ya Tanga. Mhehe aliyekaa na wazee anamjua mwenye jina hilo kama mzungu aliyekuwa na boma Iringa siku zile Mkwawa akiwindwa porini. Wote watatu wanamzungumzia mtu mmoja, na maswali haya ndiyo yanayorudiwa kila habari zake zinapoguswa.

Alikuwa nani, kwa maneno machache?

Ofisa wa jeshi la kikoloni la Wajerumani, Schutztruppe, aliyezaliwa Mauritius mwaka 1866. Alipigana bara ya Tanganyika kwa karibu miaka kumi, akaacha jeshi mwaka 1900, akafungua shamba Usambara Magharibi. Agosti 1914, akiwa na miaka 48, alivaa tena magwanda kwa cheo chake cha Kapteni. Alipigwa risasi akafa mjini Tanga tarehe 4 Novemba 1914, vita vikiwa na miezi mitatu tu.

Mara nyingi anaelezwa kama mkulima aliyegeuka mwanajeshi. Ukimfuata tangu mwanzo, mpangilio huo unageuka: alikuwa mwanajeshi kwanza, na shamba lilikuja kwa sababu alishinda vita vya awali.

Alikuwa Mwingereza au Mjerumani?

Baba yake alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi ya polisi Mauritius, kisiwa kilichokuwa chini ya Waingereza. Mama yake alikuwa Mjerumani. Kijana alikulia Liegnitz katika jimbo la Silesia, mji ambao leo ni Legnica nchini Poland, na akaingia jeshi la Prussia. Kwa hiyo mtu aliyekufa akiwapiga Waingereza alikuwa na jina la Kiingereza tupu, Tom Prince.

Hiyo "von" ilikuja baadaye, alipopewa hadhi ya ukabaila miaka ya kwanza ya karne ya 20, akiwa tayari ni mlowezi. Ukisoma mahali kwamba "von Prince aliivamia Kalenga, makao ya Mkwawa, mwaka 1894", ujue mwandishi ametanguliza heshima ambayo wakati huo haijatolewa.

Kwa nini aliitwa Bwana Sakarani?

Ni jina la kupangwa na askari, la mtu anayelewa vita kama wengine wanavyolewa pombe. Yeye mwenyewe alilipenda, ndiyo maana akaliita shamba lake kwa jina hilo.

Alifanya nini Tabora?

Hapo ndipo alipojijengea jina. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa ameikamata njia ya biashara ya kati, ile ya pembe za ndovu kutoka maziwa makuu hadi Bagamoyo, na Wajerumani waliona hawawezi kuitawala bara wakati yeye anatoza watu apendavyo. Mwaka 1892 walijaribu kuivunja ngome yake nje ya Tabora wakashindwa, zaidi ya mara moja. Januari 1893 Prince, akiwa luteni, alirudi na askari wengi zaidi na kuiingia ngome. Isike alipoona kila kitu kimekwisha aliwasha ghala la baruti, yeye na jamaa zake wakiwa ndani. Wajerumani walimkuta bado anapumua, wakamnyonga.

Liweke hili akilini, kwa sababu Wanyamwezi watarudi katika hadithi hii, safari hii wakiwa wapagazi, askari na vibarua wa mashamba ya Tanga.

Na kwa Mkwawa je?

Hapa jibu haliwezi kuwa fupi.

Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani, pamoja na yeye mwenyewe. Wajerumani walisubiri miaka mitatu kulipa. Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele alikwenda Kalenga na mizinga, na tarehe 30 ukuta wa mji huo ukavukwa. Prince alikuwa miongoni mwa maofisa waliouvamia. Mji ulianguka ila Mkwawa hakupatikana, na kwa miaka karibu minne iliyofuata aliendelea kutawala akiwa msituni, akiletewa chakula na habari na watu wake.

Mwaka 1896 Prince alitumwa kuimaliza kazi. Alianzisha kituo cha Iringa na kutumia mbinu ambayo watawala wa kikoloni walikuja kuizoea sana: kuigawa nchi kwanza, mapigano baadaye. Wasangu wa Merere, waliokuwa wamefukuzwa na Wahehe kizazi kimoja nyuma, walirudishwa Usangu. Sehemu iliyobaki alipewa Mpangile, ndugu yake Mkwawa, aliyesimikwa mwishoni mwa 1896 kama mtawala aliyekubalika kwa Wajerumani. Haikuchukua muda. Februari 1897 Prince alimtia hatiani kwa kumsaidia Mkwawa kwa siri, akamnyonga. Yaani ndani ya miezi miwili au mitatu mtu mmoja alivishwa utawala na kitanzi na mkono uleule.

Baada ya hapo palibaki msako mtupu. Doria zilitoka bomani wiki hadi wiki. Vijiji vilivyoshukiwa kumlisha Mkwawa vilinyang'anywa chakula, vingine vikachomwa, wanawake wakachukuliwa mateka. Zawadi ya rupia 5,000 ilitangazwa kwa atakayeleta kichwa chake, pesa ambayo mpagazi wa kawaida asingeiona maisha yake yote. Tarehe 19 Julai 1898, pale Mlambalasi, Mkwawa akiwa mgonjwa na amebaki karibu peke yake, alijipiga risasi kabla hawajamfikia.

Je, ni yeye aliyekikata kichwa cha Mkwawa?

Hapana. Waliofika Mlambalasi ni doria ya sajenti aliyeitwa Merkl. Kichwa kilikatwa na kupelekwa Iringa, kwa Prince aliyekuwa mkuu wa kituo, na baadaye fuvu likaenda Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kipengele cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo ndani ya miezi sita. Haikurudisha. Gavana Edward Twining ndiye aliyelipata kutoka makumbusho ya Bremen, na mwaka 1954 akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, huko Kalenga, ambako lipo hadi leo. Kama ndilo lenyewe, wataalamu bado hawajakubaliana.

Mke wake alikuwa na nafasi gani?

Magdalene alifika Iringa mwaka 1896 akiwa bibi arusi, na ni miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Kizungu kuishi ndani kabisa ya bara. Aliandika shajara, ikachapishwa Ujerumani mwaka 1903, na wanahistoria wa Uhehe wameitegemea kuliko ripoti nyingi za kijeshi. Sababu ni kwamba aliona vitu ambavyo ofisa haandiki: nani alikuja kulalamika barazani, watu wa ukoo wa Mkwawa walikaa vipi walipokuwa mateka, askari waliishi vipi na wake zao. Hata siku Merkl aliporudi na kichwa, imo. Isome ukikumbuka ni nani anayeisema. Kwake yeye mumewe ndiye anayeleta amani, na moshi wa vijiji uko mbali.

Kwa nini mwanajeshi aliyefanikiwa aliamua kulima?

Kwa sababu ndicho walichotaka wengi wa aina yake, na serikali ilirahisisha. Amri ya mwaka 1895 ilitamka kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika koloni ni mali ya Taji la Ujerumani. Neno lenyewe "isiyo na mwenyewe" ndilo lililobeba kila kitu. Msambaa aliyeliacha konde lipumzike miaka kadhaa kabla ya kulirudia alionekana hana konde. Ardhi hiyo ilikodishwa au kuuzwa kwa makampuni na kwa Wazungu mmoja mmoja, na Usambara ilipendwa kuliko sehemu nyingine kwa sababu ya baridi yake, kutokuwa na mbu wengi kama pwani, na reli.

Reli hiyo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe 1902 na Mombo 1905, kisha Moshi ikaikuta 1911. Mlowezi wa milimani aliweza kushusha mzigo hadi stesheni na kuufikisha bandarini bila kutegemea mamia ya wapagazi. Makao ya serikali milimani yalikuwa Wilhelmstal, ambayo sisi tunaijua kama Lushoto.

Lakini kabla ya ardhi kugawiwa, ilibidi Usambara yenyewe inyamazishwe. Mwaka 1898 Mputa, mtawala wa Kikilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, alinyongwa na Wajerumani na mahali pake akawekwa mwingine. Prince hakuhusika na hilo, alikuwa Iringa. Alipofika kulima alikuta kazi ileile aliyoifanya yeye Uhehe imeshafanywa na wenzake Usambara.

Nani walifanya kazi kwenye mashamba hayo?

Swali hili linaulizwa mara chache kuliko lilivyostahili. Mlowezi mmoja na mke wake hawapalilii ekari mamia.

Kwanza kulikuwa na kodi. Kodi ya kibanda ilianza mwaka 1898, rupia tatu kwa nyumba ya kawaida, na asiye na mazao ya kuuza alilazimika kutafuta kibarua. Pili kulikuwa na wahamiaji: Wanyamwezi na Wasukuma walioshuka pwani kwa makundi, wakilipwa kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye visanduku 30. Ulipiga kazi siku moja, ukatiwa alama moja, na mshahara ulitoka kadi ikijaa. Siku ambayo nyapara hakuridhika nawe haikutiwa alama, hata kama ulitoka jasho tangu alfajiri. Kadi ya siku 30 ingeweza kumchukua mtu miezi miwili.

Tatu, na hili ni la Usambara hasa, mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ilianzisha kadi za lazima. Kila mwanamume mwenye nguvu alitakiwa kufanya kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne kwa ujira uliopangwa, na asiyetimiza alichukuliwa kwa kazi za serikali. Msambaa alikuwa na shamba lake, migomba yake na mahindi yake, na msimu wake wa kupalilia ulikuwa uleule wa mzungu. Wengi walijificha, wengine wakahamia mabondeni.

Juu ya yote hayo kulikuwa na kiboko. Amri ya mwaka 1896 iliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja, na ndiko ulikotoka msemo wa "hamsa ishirini" ambao wazee wa Tanga na Lindi waliutaja kila walipowakumbuka Wajerumani. Kikomo kikawa kipimo cha kawaida.

Kilimo chenyewe kilikuwa na faida?

Kwa wachache. Kahawa ndiyo ilikuwa ndoto ya kwanza ya Usambara. Miaka ya 1890 makampuni yalipanda mamilioni ya miche, hasa upande wa mashariki, wakiamini kwamba msitu mnene maana yake ni udongo mzuri. Udongo ule ulichoka upesi, na bei ya dunia ilianguka kwa sababu ya kahawa nyingi ya Brazili. Mpira ulifuata, ukapanda bei hadi 1910 na kuporomoka 1913 mpira wa mashamba ya Asia ulipojaa sokoni. Kilichosimama ni mkonge. Mtaalamu Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika hai ilikuwa 62. Mkonge wote wa Tanga wa miaka iliyofuata una asili katika hiyo 62.

Walowezi walilalamika daima. Walimchukia hasa Gavana Rechenberg, aliyekaa madarakani 1906 hadi 1912, kwa sababu baada ya Maji Maji aliona ni salama zaidi kumwacha Mwafrika alime na kuuza mwenyewe kuliko kumswaga shambani kwa watu wengine.

Mwaka 1914 alirudije jeshini?

Hakungoja kuitwa. Januari 1914 Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck alifika Dar es Salaam kuwa kamanda mpya, na katika ziara zake za kwanza alipanda Usambara. Huko alimkuta Prince, aliyefahamiana naye tangu ujana wao katika shule ya kijeshi Ujerumani. Wakati huo walowezi wa wilaya za reli ya kaskazini walikuwa wakiunda vikundi vya kulenga shabaha vya hiari, na Prince aliliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote.

Vita vilipotangazwa Agosti, viongozi wawili wa koloni hawakuelewana. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni isiguswe na vita, akitegemea makubaliano ya Berlin ya 1885 yaliyotoa nafasi ya nchi za bonde la Kongo kutokuwa na upande. Lettow-Vorbeck alitaka kuwavuta Waingereza Afrika ili wasipeleke nguvu zao Ulaya. Prince alisimama na Lettow-Vorbeck bila kigugumizi. Schnee alikuwa na watu milioni saba na zaidi wa kuwafikiria, na Wazungu wapatao 5,300. Kwa maoni yangu Schnee ndiye aliyekuwa na akili timamu Agosti ile, ingawa vitabu vya vita vimemfanya karani mwoga.

Kuiteka Taveta kulikuwa na maana gani?

Tarehe 15 Agosti 1914 Prince aliongoza kikosi kutoka upande wa Moshi, akavuka mpaka na kuichukua Taveta, kituo kidogo cha Waingereza ndani ya Kenya ya leo. Mapigano hayakuwa makubwa. Maana yake ilikuwa kubwa kuliko ukubwa wa mji, kwani Taveta ipo kwenye mwanya kati ya Kilimanjaro na milima ya Pare, na anayeishika anafunga njia ya kuingia Moshi. Kutoka hapo doria za Kijerumani zilivuka nyika ya Tsavo kwa miguu kwenda kulipua reli ya Uganda.

Wajerumani waliishikilia hadi Machi 1916. Wiki chache kabla, kwenye kilima cha Salaita, Waafrika Kusini walikuwa wamerudishwa nyuma vibaya, na ilibidi jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lipite kwa nguvu vilima vya Latema na Reata ndipo njia ifunguke. Ndiyo ardhi pekee ya Milki ya Uingereza iliyokaliwa na Wajerumani kwa muda mrefu hivyo katika vita ile.

Alikufaje Tanga?

Waingereza walileta watu wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, katika meli zilizoonekana baharini na kila mtu mjini asubuhi ya 2 Novemba. Kabla ya kushusha askari, nahodha wa manowari ya Fox aliingia bandarini kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutopigana yamefutwa. Ilikuwa adabu iliyogharimu maisha ya watu wengi, kwa sababu saa zile Lettow-Vorbeck alizitumia kupakia wanajeshi kwenye treni Moshi na kuwateremsha hadi Tanga, kilomita zaidi ya 350. Usiku wa kuamkia tarehe 4 yeye mwenyewe aliingia mjini kwa baiskeli, akaukuta mtupu, akapita hadi ufukweni kutazama taa za meli.

Waliokuwa chini yake hawakuzidi sana elfu moja. Kikosi cha Prince kilikuwa kombania mbili za Wazungu watupu, walowezi, mafundi wa reli na makarani wa Usambara. Walishika bunduki mpya, wakati kombania nyingi za askari Waafrika bado zilipewa bunduki za mtindo wa 1871 zilizotoa moshi mzito. Askari alipofyatua mara moja, wingu jeupe lilimwonyesha adui alipo. Tofauti hiyo ya silaha haikuwa bahati mbaya, ilipangwa hivyo tangu kabla ya vita.

Mchana wa tarehe 4 Waingereza walisogea kutoka Ras Kasone, rasi iliyo mashariki ya mji, kupitia minazi na mashamba ya mpira, katika joto, wengi wao wakiwa wamekaa melini wiki nyingi. Baadhi ya vikosi vya India vilivunjika mapema. Upande wa kulia, karibu na bahari, mambo yalikuwa tofauti: Waingereza wa Lancashire na wapiganaji wa Kashmir walifika mjini kabisa, wakaikamata hoteli ya Kaiserhof na jengo la forodha. Kombania ya 6 ya askari, iliyokuwa ikiulinda ukingo wa mashariki wa mji, ilisukumwa nyuma nyumba hadi nyumba.

Hapo Prince aliingiza kombania zake mbili. Walipigana mitaani, wakirushiana risasi kutoka madirishani na juu ya mapaa, na katika mapigano hayo alipigwa akafa. Kidogo baadaye kombania ya 13, ikiwa na bombomu, yaani bunduki za rasharasha, iliwazunguka Waingereza upande wao wa kushoto, na mstari wote ukarudi ufukweni mbio. Tarehe 5 walipanda meli wakaondoka.

Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800 kwa waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Upande wa Wajerumani waliouawa hawakufika 80, na wengi wao walikuwa askari Waafrika. Kwa hesabu ya Lettow-Vorbeck mwenyewe, vitu vilivyoachwa ufukweni vilijumuisha bombomu 16, risasi 600,000 na bunduki za kisasa za kutosha kombania tatu. Zile bunduki mpya askari waliokuwa wamenyimwa, sasa walizipata kutoka kwa adui.

Ni kweli nyuki walishinda vita ya Tanga?

Nyuki walikuwepo. Mizinga ya nyuki ilikuwa imetundikwa mitini kati ya Ras Kasone na mji, na risasi ziliwachokoza. Waliwauma Wahindi, wakawauma Waingereza, na wakawauma Wajerumani pia hata baadhi ya bombomu zao zikanyamaza. Habari kwamba Wajerumani waliwatega kwa nyuzi ilienezwa na walioshindwa.

Upande wa Waingereza nao walikuwa na walowezi wa aina hii?

Walikuwa nao tele. Agosti 1914 Nairobi ilijaa maseta, yaani walowezi, waliotoka mashambani kwa farasi na nyumbu, kila mmoja na bunduki yake ya kuwindia, wakaundwa kuwa East African Mounted Rifles. Berkeley Cole, rafiki yake Lord Delamere, alikusanya Wasomali akaunda kikosi cha kupeleleza. Delamere mwenyewe alikwenda mpakani Umasaini kuangalia nyendo za Wajerumani. Tarehe 3 Novemba, siku moja kabla ya Prince kufa, maseta hao walipanda Longido kuwashambulia Wajerumani na kurudi mikono mitupu. Katika vikosi vyote viwili waliokabiliana ni wenye mashamba, na nyuma yao walikuwepo wapagazi wasio na shamba wala bunduki. Kufikia mwisho wa vita wapagazi waliokufa wakiwatumikia Waingereza walizidi 95,000 kwa hesabu rasmi.

Kenya ilifanya pia kinyume chake, kuwageuza wanajeshi kuwa wakulima. Mwaka 1919 serikali iligawa ardhi kwa maofisa wa Kizungu waliotoka vitani. Askari Waafrika wa KAR (King's African Rifles) waliopigana nao hawakugawiwa.

Shamba la Sakarani liliishia wapi?

Waingereza waliichukua Tanga na Usambara katikati ya 1916. Baada ya vita Wajerumani walifukuzwa nchini, na mali zao zikashikwa na msimamizi wa mali ya adui, zikauzwa kwa Waingereza, Wagiriki na Wahindi. Mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, na wengi wakanunua upya karibu na walipokuwa. Vita ya pili ilipoanza 1939 walishikwa tena. Sakarani hatimaye ikawa ya watawa Wabenediktini, ambao wamepanda makadamia na mizabibu.

Kwa nini baadhi ya maandishi humwita shujaa?

Kwa sababu yanaanzia Agosti 1914. Ukianzia hapo unamwona mkulima mwenye umri mkubwa anayeliacha shamba lake, anaongoza vijana, anafia mbele yao. Ujasiri wake haubishaniwi na mtu, hata na Wahehe. Lakini ukianzia Tabora 1893 unamwona mtu yuleyule kwenye ngome ya Isike, kwenye mti wa Mpangile, kwenye vijiji vilivyochomwa Uhehe, na shamba lake unaliona kama sehemu ya malipo. Wasomaji wa Kijerumani wa miaka ya 1920 walihitaji simulizi ya kwanza, kwa kuwa walikuwa wanadai kurudishiwa makoloni, na marehemu wa Tanga alifaa kwa dai hilo kuliko mtu aliyenyonga watemi.

Askari Waafrika waliokufa siku ile Tanga hawakupata simulizi ya aina yoyote. Miongoni mwao bila shaka walikuwemo Wanyamwezi ambao baba zao walikuwa ndani au nje ya ngome ya Isike.

Naweza kuona nini leo?

Tanga kuna makaburi ya Wajerumani na askari wao, na makaburi ya Jumuiya ya Madola kwa upande wa pili. Boma la zamani la Wajerumani limekuwa makumbusho ya mji yanayoendeshwa na Urithi Tanga. Sakarani unafika kwa kupanda kutoka Mombo hadi Soni kisha kuuliza njia ya misheni. Kila bodaboda anaijua. Kwa upande wa Iringa nenda Kalenga kwenye makumbusho ya Mkwawa, kisha Mlambalasi alikozikwa, na ukipita barabara kuu ya Morogoro ukiikaribia Iringa, simama Lugalo uone mnara wa 1891. Kalenga wapo wasimulizi wa ukoo. Waulize kuhusu Mpangile, maana wageni wengi huuliza habari za fuvu tu.